NYUMBA YETU: Mama anataka parke ndani ya jiko



Mwezi huu barua moja imetujazia ukurasa. Mama mmoja wa upande wa Lulingu ametuandikia kwamba alikwenda kumsalimia dada yake kule Muhumba, Bukavu, akakuta chini ya jiko kunang'aa kama meza ya altare. Mbao nzuri, rangi ya asali, hakuna hata msumari mmoja. Dada yake alibakiza kartoni tatu na yuko tayari kumpa. Mume wake, krezeri wa zahabu, amepata kidogo mwaka huu, na amemwambia: «Chagua wewe mwenyewe, jiko ni lako.» (Baba wa namna hiyo tumwombee maisha marefu.) Sasa mama anauliza: ile parke inawekwa namna gani, na itafaa katika jiko la kwetu?

Nianze na jibu, mama, usingoje mpaka mwisho: jikoni hapana. Saloni, labda. Na sasa nikueleze juu ya nini.

Ile uliyoona si mbao. Watu wanaiita parke, lakini jina lake ni laminati. Ilibuniwa Sweden mwaka 1977. Tumbo lake ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kugandamizwa kwa nguvu sana. Juu wanalaza karatasi yenye picha ya mbao. Ndiyo, picha, kama ile ya kalenda. Halafu inakuja ngozi nyembamba ya melamini, aina ya plastiki ngumu, ili viatu visikwaruze ile picha. Kila kipande kina ulimi upande mmoja na mfereji upande mwingine, na vinaumana. Kwa hiyo hukuona msumari.

Ubaya wake ni maji. Tumbo lile ni kama unga wa muhogo: likipata maji linavimba. Maji hayapiti juu, yanaingia kwa viungo, na pembeni panainuka kama midomo. Likisha kuvimba, halirudi tena. Kwa dada yako maji yanatoka kwa robine na kuishia ndani ya sinki. Kwetu yanakuja kwa bidoni kichwani mwa mtoto, na nusu yake inamwagika mlangoni. Tena kuna kinu. Piga sombe juu ya laminati wiki moja tu, utaniambia kama viungo vitakuwa vingali vimeshikana. Tena kuna mbabula: kaa moja la moto likianguka, picha ya mbao inapata tundu jeusi la milele.

Lakini kuna jambo lingine ambalo hukuliuliza, na kwangu mimi ndilo kubwa kupita yote. Umesema mume wako ni krezeri. Je, anachomea wapi zahabu yake?

Usikasirike na swali. Nyumba nyingi za kwetu, baba anarudi na ile zebaki iliyoshika zahabu, anaiweka katika kijiko au kikopo juu ya mbabula ya mama, pale pale ambapo bugali itapikwa saa moja baadaye. Zebaki inakuwa moshi usioonekana na usio na harufu. Sehemu yake inapoa na kurudi chini: katika majivu, katika ukuta, katika pavema. Na ile inayodondoka kwa mkono inagawanyika kuwa vijitone vidogo sana vinavyokimbilia kila ufa. Hapo vinakaa, na kila mara jiko likipata joto vinatoa moshi wake kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Mwenye kuvuta moshi huo zaidi si baba, maana yeye yuko kwenye kare. Ni mama mwenye mimba na mtoto anayetambaa, pua yake ikiwa karibu na chini. Sumu hiyo inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, hata ya mtoto aliye bado tumboni. Mkataba wa Minamata, uliotiwa sahihi mwaka 2013 na kuanza kazi 2017, unataka uchomaji huo ukome kabisa mahali watu wanapokaa.

Basi fikiri laminati yenye viungo mia, na chini yake nafasi ambayo ufagio haufiki. Ni kama kuijengea zebaki nyumba yake. Udongo mtupu nao ni vilevile, unaimeza. Kama vijitone vimekwisha kuanguka, usifagie, maana ufagio unavigawanya zaidi. Visukume kwa karatasi mbili ngumu mpaka vikutane, uvitie katika chupa yenye maji kidogo, ufunge kabisa, na watoto wasiijue. Kama ni juu ya udongo, chimba udongo ule wote na uutoe mbali na nyumba, na shamba, na chemchemi. Nawe baba unayesomewa ukurasa huu: choma huko nje mbali, katika chombo kilichofungwa chenye kurudisha moshi, na si kwa mbabula ya nyumba, hata siku ya mvua.

Tuje sasa kwa pavema. Mimi nakushauri sima. Najua utasema nini: sima ya Shabunda iko bei ya dhahabu. Miaka mingi mifuko ilipanda ndege pale Kavumu, maana barabara ya Bukavu ni matope na madaraja yaliyolala, na kilichopita huko kilipita kwa moto, kwa kinga na kwa mgongo wa mtu. Tangu vita ilipofika Kavumu na Bukavu mwezi wa pili wa 2025, hesabu ya usafiri imevurugika tena, kwa hiyo bei siandiki. Lakini kiasi naweza kukuandikia. Jiko la metre 3 kwa 2 na nusu linataka mifuko mitatu ya kilo 50. Nne, kama mwashi wako ana mkono mwepesi wa kumwaga.

Kwanza inua chini mpaka pavema ipite udongo wa nje kwa sentimetre 15, la sivyo mvua itaingia kukusalimia. Panga mawe, jaza changarawe katikati, piga kwa gogo mpaka kisigino chako kisizame. Halafu betoni ya sentimetre 6: ndoo 1 ya sima, 3 za mchanga, 6 za kokoto. Mwishoni tabaka la sentimetre 1 la sima 1 na mchanga 3, lililainishwe kwa mwiko wa chuma kabla halijakauka. Mwashi aweke nivo, lakini asinyooshe kabisa: kila metre moja ishuke sentimetre 1 kuelekea mlango, ili maji ya kuosha yajue njia.

Mchanga wako utoke mtoni na uwe safi. Hapa wengi wanakosea, wanachukua ule uliobaki kwa kuosha mawe kwa sababu uko karibu na ni bure. Mara nyingi umejaa udongo, na kama ni wa zahabu unaweza kuwa na ile zebaki tuliyosema. Jaza mchanga nusu ya chupa, ongeza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Ukiona juu ya mchanga tabaka nene la matope, uoshe au utafute mwingine.

Kisha kazi ngumu kupita zote: kungoja. Siku saba pavema ifunikwe na majani ya ndizi na inyweshwe maji asubuhi na jioni. Sima haishiki kwa kukauka, inashika kwa kunywa. Nimeona jiko moja ambalo wakubwa walianza kupika siku ya pili kwa sababu wageni wa ubatizo walikuwa njiani. Kufika Krismasi lilikuwa unga. Wala usiwashe moto juu ya sima yenyewe, itapasuka. Jenga mahali pa mafiga kwa matofali, na mbabula nayo ikae juu ya matofali. Kinu kipate gunia chini yake.

Kama nyumba yako iko katika kampi ya zamani ya SOMINKI na pavema yake ingali ipo, usiivunje. Igonge kwa nyundo ndogo. Panapolia kama ngoma pamekufa, ondoa hapo tu na uzibe.

Faida ya sima si uzuri tu. Funza anapenda vumbi kavu, na mayai yake yanakomaa humo. Pavema laini inayooshwa haimpi kitanda. Nchini Mexico, tangu mwaka 2000, serikali iliwawekea maskini sima juu ya udongo wa nyumba zao. Wachunguzi walipopima watoto wa familia hizo walikuta minyoo, kuhara na upungufu wa damu vimepungua sana.

Na asiyeweza kupata hata mfuko mmoja? Udongo wa kichuguu, uliopondwa na kuchanganywa na mchanga, ukalazwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikipigwa na kukauka kabla ya nyingine, unatoa chini ngumu isiyotoa vumbi jingi. Jirani zetu wa Rwanda wanapaka juu yake mafuta yanayokauka na kuwa ngumu kama rangi, na inaoshwa kwa maji. Usijaribu na mawese, mama. Mawese hayakauki kamwe. Utapata siafu na mguu wa kuteleza. Balatumu ni nzuri kufagia, lakini moto inauogopa kama laminati, na maji yakiingia chini yake yananuka. Mbao za libuyu chini kwenye unyevu, mchwa watakushukuru.

Zile kartoni za dada yako usizikatae. Kama saloni yako ina pavema ya sima iliyo kavu na iliyonyooka, zipeleke huko. Ziache zilale ndani ya chumba saa 48 zizoee hewa ya kwetu, maana sisi tuko chini, katika pori na unyevu, si kama Bukavu juu kule. Tandika plastiki juu ya sima, halafu ile sponji nyembamba. Anza kwa ukuta mmoja, na kila mstari viungo vipishane kwa sentimetre 30 ao zaidi. Kando ya kuta zote acha nafasi ya kidole kidogo, karibu sentimetre 1, ufunike kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani. Wengi wanasahau nafasi hiyo, na mvua ikikaza chumba kinainuka katikati kama mgongo wa ngamia. Usipige msumari popote. Na kuosha ni kwa kitambaa kilichokamuliwa, si kwa ndoo.

Lakini soma kwanza kilichoandikwa pembeni ya kartoni, metre ngapi za mraba. Kartoni tatu mara nyingi hazifiki hata metre saba, na saloni ya watu wa kwetu, yenye kupokea ukoo mzima siku ya matanga, haitoshi na hizo. Labda chumba cha kulala cha watoto.