Tovuti za mtego zitumike kuwasoma wadukuzi

Uvamizi wa Novemba 2025, ambapo tovuti za wizara kadhaa za Serikali ya Kenya zilijazwa maneno ya ubaguzi wa rangi, uliibua swali muhimu: je, walinzi wa mitambo hiyo humfahamu adui kabla hajabisha hodi?

Ipo mbinu ya kumfahamu. Wataalamu huunda tovuti bandia yenye ukurasa wa kuingilia, fomu na kasoro zinazojulikana, kisha huiacha kwenye intaneti bila kuitangaza. Kila anayebahatisha neno la siri au kuingiza amri za kuchota data hurekodiwa: saa aliyofika, njia aliyopitia na programu aliyojaribu kupachika.

Mbinu hii si ngeni. Mnamo 1986, Clifford Stoll wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, alichunguza upungufu wa senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta na kugundua mvamizi. Alimtegea faili bandia kuhusu mradi wa kijeshi usiokuwapo. Mvamizi alipokawia kuzisoma, alifuatiliwa hadi Hannover, Ujerumani Magharibi. Ilibainika kwamba siri zilizoibwa ziliuzwa kwa KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti.

Manufaa yake ni dhahiri. Katika tovuti halisi, nyayo za mwizi hufunikwa na za maelfu ya wateja. Katika tovuti bandia hakuna mwenye shughuli halali, hivyo kila nyayo ni ya kutiliwa shaka. Hata hivyo, mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo: programu za kutafutia habari na watafiti pia hupita humo, na lazima rekodi zichujwe.

Isitoshe, mtego hauzibi ufa. Julai 2023, eCitizen ilipolemewa na mafuriko ya maombi bandia, dawa ilikuwa kuyachuja maombi hayo na kuongeza uwezo wa mitambo. Aidha, mtego usiotengwa na mitambo halisi waweza kugeuzwa ngome ya kuwashambulia wengine.

Kwa kuwa Wakenya sasa hutafuta pasipoti na leseni mtandaoni, serikali haina budi kuwaajiri watu wa kusoma rekodi hizo kila siku, na kuziba katika tovuti halisi kila tundu ambalo wezi wamelijaribu katika ile bandia. Bila hilo, mtego utakuwa pambo tu.