Tunamwaga Busaa, Methanoli Inapita

Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, watu 17 walikufa baada ya kunywa pombe iliyouzwa kwenye baa. Ilivyoelezwa wakati ule, mzigo wenyewe ulikuwa umeshakamatwa na kuhifadhiwa kituo cha polisi kama ushahidi, kisha ukatoka humo kinyemela na kurudi kwa wanywaji. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza msako. Baa zikafungwa, mitungi ikapinduliwa, busaa, pombe ya nafaka iliyochachushwa, ikamwagwa mitaroni. Busaa haikuwa imemuua mtu yeyote Kangai.

Mtindo huu tunaujua pande zote za mpaka wa Kenya na Tanzania. Watu wanakufa kwa kemikali ya viwandani, halafu anayekamatwa ni mama anayechachusha nafaka nyuma ya nyumba. Naona tunakosea adui, na tunakosea kwa sababu hatujajisumbua kuelewa kinachotokea ndani ya mtungi.

Chukua mbege ya Kilimanjaro. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka zinageuka rangi ya kahawia, zikaachwa siku kadhaa, zikakamuliwa na kuchujwa. Kando kuna ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa: ndicho kimea. Unga huo hupikwa uji, ukachanganywa na maji ya ndizi, na gome la msesewe likatia uchungu. Mpishi hatii hamira ya dukani. Hamira iko kwenye maganda, kwenye vyombo, hewani. Ni kuvu wa seli moja asiyeonekana kwa macho, ambaye akikosa hewa huvunja sukari na kutoa vitu viwili, ethanoli na gesi ya kabonidayoksaidi. Wanga haumfai, hauwezi. Ndiyo maana kimea kinahitajika: mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyoukata wanga kuwa sukari. Mabibi wa Uchagga walikuwa wakiitumia kanuni hii kabla Louis Pasteur hajathibitisha, katika karne ya 19, kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai, na kabla Eduard Buchner hajaonyesha mwaka 1897 kwamba hata maji yaliyokamuliwa kutoka hamira iliyosagwa yanaweza kuichachusha sukari. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907.

Kiwandani mambo ni yaleyale, ila kwa matangi makubwa na usafi wa maabara. Muhoroni, magharibi mwa Kenya, kampuni ya Agro-Chemical and Food huilisha hamira molasi, lile tope tamu linalobaki miwa ikishatolewa sukari. Inapata spiriti, na inapata pia hamira ya kuumulia mikate na maandazi. Miaka ya 1980 spiriti ya molasi ilichanganywa na petroli ikaendesha magari ya Kenya. Arusha, Banana Investments imekuwa ikitengeneza mvinyo wa ndizi na kuutia kwenye chupa tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo anayesema ujuzi wa kienyeji haufiki kiwandani ajue kwamba umeshafika.

Hamira ina breki yake yenyewe. Ethanoli ikizidi, inawaua walioitengeneza, kwa hiyo pombe ya kuchachusha peke yake haiwezi kuwa kali kama gongo. Mbege na busaa hazifiki hata karibu na kikomo hicho. Na bakteria wanaozitia ukali wa asidi huwazuia vijidudu wengi wa maradhi wasistawi ndani yake.

Methanoli ni habari nyingine kabisa. Hamira haiitengenezi kutokana na sukari. Kiasi kidogo hutokana na pektini ya matunda, na ndani ya kinywaji hicho hicho ethanoli ni nyingi mno kuishinda. Methanoli inayojaza wodi hutengenezwa viwandani, kwa kawaida kutoka gesi asilia, kwa matumizi ya rangi, gundi na viyeyushio. Haina rangi, inanukia pombe, na inalevya. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Anayenusurika anaweza kuwa kipofu. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa kitu hiki, na wengine wakapoteza macho. Moja ya dawa zake hospitalini ni ethanoli yenyewe, kwani ini huishughulikia kwanza na kuiacha methanoli itoke bila kugeuzwa sumu. Wahenga walimjua mgema anayesifiwa akalitia tembo maji. Maji, angalau.

Sheria zetu zinasema nini? Tanzania ina sheria ya mwaka 1966 inayokataza kupika moshi, yaani gongo, bila leseni. Gongo imeendelea kupikwa tangu hapo, vichakani na usiku, mahali ambapo mpimaji hafiki ila mgambo anafika, na mara nyingine anaondoka na bahasha. Kenya ilipiga marufuku chang'aa, gongo ya huko, mwaka 1980, ikairuhusu mwaka 2010. Lakini ruhusa ile ilitaka chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, pamoja na leseni na viwango. Mama pima wa Mathare, Nairobi, anayeuza kwa kikombe kwa mteja mwenye shilingi chache, hakuwa na namna ya kuifikia. Alihalalishiwa kinywaji, biashara yake ikabaki haramu.

Uganda ilijaribu njia nyingine katikati ya miaka ya 1960. Wapikaji wa enguli, yaani gongo ya Uganda, walitakiwa kuwa na leseni na kuuza spiriti yao kwa mnunuzi aliyeidhinishwa. Kiwanda kikaipika upya, kikaisafisha na kuiuza kama Uganda Waragi. Wapo wengi waliokwepa, na waragi ya vijijini ipo mpaka leo. Hata hivyo wazo lenyewe ni zuri kuliko yote niliyoyaona kwetu: mwanakijiji achachushe na kupika, maabara ipime na kusafisha.

Nisieleweke vibaya. Kiwanda si kinga ya ulevi. Viroba vilivyopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Machi 2017 vilitoka kwenye viwanda vyenye leseni, na viliwaharibu vijana kwa sababu vilikuwa bei chee na viliingia mfukoni. Gongo safi nayo inavunja nyumba. Ila ulevi na sumu ni matatizo mawili, na tunapoyachanganya hatutatui hata moja. Bei nayo ina neno. Kenya iliipunguzia ushuru bia ya Senator Keg tangu mwaka 2004 ili maskini waache chang'aa. Nafuu hiyo ilipopunguzwa mwaka 2013, mauzo yake yakaporomoka, na mwaka 2015 serikali ikairudisha kwa sehemu kubwa. Wanywaji hawakuacha kunywa katika miaka hiyo miwili. Walihama.

Kwa hiyo ningeziacha mbege, busaa, ulanzi na mnazi mikononi mwa halmashauri, zikaguliwe kwa usafi kama mama ntilie anavyokaguliwa. Gongo ningeiwekea vituo vya kununulia na kupima. Nguvu ya polisi ningeihamishia kwenye pipa. Methanoli inayoshuka Mombasa au Dar es Salaam inapita mikononi mwa forodha na ina mwagizaji anayejulikana. Itiwe rangi na uchungu usiovumilika kwanza, pale ambapo kiwanda kinaweza kuitumia hivyo. Kisha mkaguzi aifuate mpaka kwa mtengeneza rangi aliyeinunua, ahesabu lita zilizoingia na makopo yaliyotoka, na hesabu isipolingana, huyo ndiye afunguliwe kesi.