Mnyama na Makao Yake

Wapo watu, tena wasomi, wanaoamini kwamba kuhifadhi mnyama ni kumzuia jangili asimpige risasi. Mnyama akiwa hai na akihesabiwa, kwao kazi imekwisha. Imani hiyo naipinga, na shahidi wangu ni kiumbe mdogo kuliko kidole gumba: chura wa Kihansi.

Chura huyu wa manjano hakuwa na nyumba nyingine duniani isipokuwa korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Hata humo hakuenea kote. Aliishi kwenye hekta kama mbili tu, pale maporomoko yaliporusha manyunyu usiku na mchana. Hatagi mayai dimbwini kama vyura tuliowazoea. Huzaa watoto waliokwisha kamilika. Haja yake ni hewa iliyojaa maji na ubaridi usiobadilika. Mpe bwawa zima ukimnyima manyunyu, umemwua.

Nasi tulimpa bwawa. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa mtambo wa umeme umekwisha kuanza. Mtambo huo wa megawati 180 ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa ikapita handakini, na maporomoko yakanywea. Hakuna aliyemwinda chura, wala aliyemla. Aliondolewa manyunyu, basi.

Ndipo zikaanza mbio za kumwokoa. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Vyura waliongezeka, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaonekana kwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi ya wale wa Marekani walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa korongoni.

Nimeulizwa mara nyingi: "Mwalimu, unataka tulale gizani kwa ajili ya chura?" La. Mimi ni mkazi wa Tabata, na mgao wa umeme naujua vizuri. Mtoto hasomi gizani, na muuza samaki hana la kufanya jokofu likizimika. Sisemi bwawa libomolewe. Nasema swali liliulizwa kwa kuchelewa. Kabla ya jiwe la kwanza ilipasa kuuliza: ni nani anaishi chini ya maporomoko haya, na anahitaji maji kiasi gani? Jibu lingeingizwa katika ramani na katika gharama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta huo tumeujenga kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi.

Wengine hunituliza: "Lakini si ameokoka?" Ameokoka kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Mnyama ambaye uhai wake unategemea bomba lisizibe na fundi asichelewe, hajahifadhiwa bado, anauguzwa.

Na tusidhani haya ni ya chura peke yake. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutoka nje ya hifadhi mvua zikinyesha, wakifuata malisho ya nyanda za Simanjiro. Mpaka tuliouchora sisi wao hawaujui. Njia zao zikizibwa kwa mashamba, nyumba na uzio, hifadhi itabaki na lango, askari na kibao, lakini itakuwa zizi.

Basi kila mradi unapoletwa mezani, uwe wa barabara, bwawa au viwanja, tusiridhike kuambiwa kwamba wanyama watalindwa. Tuulize watakula wapi, watakunywa wapi, watazaa wapi na watapita wapi. Asiye na majibu hayo arudi kwanza porini akayatafute, na tingatinga limsubiri.