Kiswahili cha "Panda Gari"

Waulize wazee wa Mbale au Jinja maneno ya kwanza ya Kiswahili waliyoyasikia. Wengi hawatataja "karibu" wala "habari gani". Watakuambia: "kaa chini", "lete kitambulisho", "panda gari". Mwanzoni mwa miaka ya 1980, "panda gari" lilikuwa jina la misako ya askari mjini Kampala, ambapo watu walizolewa barabarani na kupakiwa kwenye malori. Wazazi wetu walikipokea Kiswahili kikiwa amri, na mpaka leo ndicho lugha ya amri katika jeshi na polisi.

Sisi tunaokisoma chuoni hulalamika kwamba wananchi hawakipendi. Mimi nasema lawama ni yetu. Tumewaacha watu na nusu ya lugha, ile ya kukamatwa, na nusu ya pili, ile ya kuuliza "kwa kosa gani?", hatukuwapelekea.

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Mwaka jana binamu yangu, kijana anayepika chapati Jinja, alikamatwa saa nne usiku akirudi nyumbani. Sisi tulipata habari siku ya tatu. Nilipanda taksi ya alfajiri kutoka Mbale, nikamkuta baba mdogo amekwisha kufika kituoni. Kosa tuliloambiwa ni uzururaji. Bondi, tukaambiwa, ni shilingi laki moja. Baba mdogo akajibu, "Sawa, afande," akaanza kuhesabu noti. Ukutani, juu ya kichwa chake, palibandikwa tangazo la Kiingereza: bondi ya polisi hailipiwi. Baba mdogo hasomi Kiingereza. Mimi nasoma. Nililisoma mara mbili, nikanyamaza. Muhula ule nilikuwa nimefaulu vizuri sana mtihani wa ngeli.

Tulipotoka nje nilimweleza. Hakunikasirikia. Alisema tu, "Mwanangu, mwenye nguvu mpishe."

Methali hii tunaifundisha darasani kama hekima, na mahali pengine ni hekima kweli. Lakini kituoni siikubali, kwa kuwa sheria ya nchi yetu haisemi hivyo. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inasema anayekamatwa aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili anayemtaka. Akiomba, jamaa zake waarifiwe mapema iwezekanavyo. Asipoachiliwa, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kwisha. Na aliyekamatwa kinyume cha sheria anastahili fidia. Binamu yangu alilala ndani siku tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu saa.

Hata kosa lenyewe lilikuwa la kuuliza. Desemba 2022, katika kesi iliyofunguliwa na Francis Tumwesige Ateenyi, Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya Kanuni ya Adhabu vilivyoruhusu mtu kukamatwa kama mzururaji kwa sababu tu hana kazi inayoonekana, au amekutwa akitembea mahali na wakati unaotiliwa shaka. Vifungu hivyo ni urithi wa mkoloni, aliyetaka maskini wasionekane mjini. Mahakama imevifuta, lakini hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na mpika chapati anayetembea usiku hana habari nayo.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza, kwamba ninawatetea wezi. Hapana. Ibara ya 28 inasema mtuhumiwa hana hatia mpaka athibitishwe kuwa nayo au akiri mwenyewe. Tena, mwizi wa kweli akitoka kwa kulipa "bondi" dirishani, aliyeibiwa ndiye anayepoteza: mali haionekani, kesi haipo. Utaratibu wa sheria unamlinda mwenye ng'ombe kama unavyomlinda anayeshukiwa kumwiba.

Pili, nitaambiwa hiyo ni kazi ya wanasheria, sisi tushughulike na sarufi na fasihi. Haya, mwanasheria yuko wapi saa nne usiku? Na lugha anayoielewa mtu, ambayo Katiba imeitaja waziwazi, ni kazi ya nani kama si yetu? Mahakama zetu zinaendesha kesi kwa Kiingereza. Katiba inampa mshtakiwa asiyekielewa haki ya mkalimani bila malipo, lakini haki usiyoijua huwezi kuidai. Tangu marekebisho ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Tumeishangilia sentensi hiyo katika makongamano. Kituoni bado haijafika.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu jambo moja: katika somo la tafsiri, mtupe ibara ya 23 na ya 28 tuzitafsiri kwa Kiswahili ambacho mwuza nyanya wa soko la Mbale atakielewa. Nasi wanafunzi tuzibebe tunaporudi nyumbani likizoni, tuzieleze kwa Kiswahili, kwa Lugisu, kwa Lusoga. Si lazima tuanze na mambo makubwa. Tufundishe maswali manne yanayoulizwa kwa adabu, bila kugombana na mtu: Afande, kosa lake ni lipi? Amekamatwa saa ngapi? Naweza kumwona? Bondi nitie saini wapi? Tueleze pia tofauti ambayo watu wengi huichanganya: bondi ya polisi ni bure, lakini mahakama inapotoa dhamana inaweza kutaka fedha, na fedha hizo zina risiti na hurudishwa mshtakiwa akitimiza masharti. Usipopewa risiti, uliza.

Sheria inasema kutoijua si kinga. Ni haki iseme hivyo, ila basi sisi tuliosoma tusijifiche nyuma ya neno hilo. Baba mdogo alikuwa hajui. Mimi nilijua, nikakaa kimya, na kimya changu kilimgharimu laki moja. Nikisimama tena chini ya tangazo lile nitalisoma kwa sauti, kwa Kiswahili.