Mafuta ya Trekta: Tujihesabu Kabla ya Kumdhania Mtu



Katika mkutano wetu wa mwisho lilitoka neno zito. Mmoja wetu alisimama akasema kwamba dizeli ya trekta ya chama inakwisha upesi kwa sababu dereva anaiuza njiani. Wengi waliitikia kwa vichwa, na likaletwa shauri la kumwondoa kazini. Mimi nilinyamaza, na leo nakiri kuwa nilikosa, kwani sikuwa na ushahidi wa kumshitaki wala wa kumtetea. Dini yetu inatukataza dhana mbaya, na riziki ya mtu haikatwi kwa uvumi.

Basi nilichukua daftari na saa, nikafuatana na dereva siku tatu katika mabonde ya mpunga. Niliona mafuta yakipotea mbele ya macho yangu, na hapakuwa na aliyeyaiba.

Siku ya kwanza tulifika kondeni mapema, na mwenye konde hayupo. Magogo hayajaondolewa, mipaka haijulikani. Trekta ilisimama inanguruma. Nilimwuliza dereva kwa nini hazimi injini, akanijibu: “Bwana Katibu, betri imechoka. Nikizima hapa, nani atanisukuma?” Nilitahayari, maana ombi lake la betri mpya limo katika faili langu tangu mwaka jana. Trekta ya kadiri ya yetu, ikinguruma bila ya kazi, hula kiasi cha lita 1 hadi 2 kwa saa. Siku ile ilisimama hivyo saa 3. Mambo yakienda hivyo siku 20 za kulima, ni lita 60 hadi 120 zilizogeuka moshi, wala halikulimwa hata tuta moja.

Siku ya pili tulilima konde moja, tukapanda kilima na kushuka bonde jingine, kisha jioni tukarudi bonde lile lile la asubuhi kwa konde la jirani. Sababu ni kuwa kila mwenye sauti hutaka alimiwe kwanza. Nami simo nje ya lawama hii: mwaka jana niliiita trekta kwangu kabla ya zamu yangu, na nikapewa kwa kuwa mimi ni Katibu.

Siku ya tatu mwenye konde alisimama pembeni akipiga kelele, “Chimba! Chimba sana!” Ndugu zangu, mpunga hauhitaji kisima. Inchi 6 hadi 8 zinatosha katika makonde yetu, na kila inchi inayozidi huifanya injini ivute mzigo mkubwa zaidi bila ya faida.

Sisemi kuwa dereva hana la kujifunza. Akivuta tela tupu au kazi nyepesi, huiacha injini ipige kelele katika gia ndogo. Katika kazi kama hizo yafaa apande gia kubwa na apunguze mafuta, mwendo ubaki ule ule. Lakini injini ikianza kulemewa na kutoa moshi mweusi, arudi gia ya chini. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri, na mara nyingi huwa ni mzigo uliozidi au chujio la hewa lililoziba vumbi.

Matairi nayo yatazamwe. Tia alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, jembe likiwa juu, upime masafa ya mizunguko 10. Kisha lima masafa yale yale ukihesabu tena. Ikiwa mizunguko 11 au 11 na nusu, si neno. Ikifika 13, tairi linateleza na mafuta yanakwenda kuchimba matope. Hapo tazama upepo wa tairi, uzito wa nyuma na kina cha jembe, ama ngoja konde likauke kidogo. Na bomba linalovuja msilidharau: tone moja kila sekunde, usiku na mchana, ni zaidi ya lita 4.

Ndugu wanachama, bei ya dizeli hatuipangi sisi. Kila mwezi ZURA hutangaza nasi tukasikiliza. Bei ya karafuu hatuipangi sisi pia. Kilicho mikononi mwetu ni kile kilicho baina ya bei mbili hizo, nacho ndicho tunachokimwaga. Kila lita inayopotea bondeni hulipwa kwa karafuu zilizochumwa kwa kupanda mti, zikachambuliwa usiku na kuanikwa juani.

Kwa hiyo naleta mashauri manne katika mkutano ujao. Kwanza, betri inunuliwe na machujio yabadilishwe kabla ya kulima kwa masika. Pili, bonde moja limalizwe ndipo trekta ihamie jingine, na asiwepo wa kuruka zamu, akiwa Mwenyekiti au Katibu. Tatu, asiyesafisha konde lake wala kuwapo kwa wakati alipe saa za kungojewa. Nne, liwepo daftari la mafuta, liandikwe kila siku lita zilizotiwa, saa zilizofanywa kazi na eka zilizolimwa, watie saini dereva na mwenye konde. Daftari hilo litamlinda mwaminifu, na akiwapo mwizi litamfichua bila ya kelele za mkutanoni.

Najua watakaosema kuwa Katibu amenunuliwa na dereva. Daftari la siku tatu liko ofisini, aje alisome anayetaka. Na kabla ya kuyajadili mashauri haya, naomba tumwite dereva mbele ya mkutano ule ule uliomtuhumu, tumtake radhi. Mimi nitaanza.

Wabillahi tawfiq.

Mtumishi wenu,
Katibu