SAFARI YA KUTAZAMA NYAMA WA MWITU

Asimamaye Mwembe Tayari alfajiri, jua halijatoka upande wa bahari, huwakuta wachukuzi wakipakia mizigo katika mabasi, na wapiga debe wakitaja majina ya miji ya bara. Hiyo ndiyo desturi ya mahali hapo tangu kale. Wazee wa Mombasa husimulia kwamba chini ya miembe ya hapo ndipo walipokusanyika wapagazi, kila mtu na mzigo wake, wakingoja kuambiwa ya kuwa mambo ni tayari. Misafara ile ilichukua nguo, shanga na masango; ikarudi na pembe za ndovu. Siku hizi wako watu waondokao hapo hapo kwenda kuwatazama ndovu, na warudipo hawachukui ila picha. Njia ni ile ile, lakini haja imegeuka.

Wengi hudhani kwamba kutazama nyama wa mwitu ni starehe ya wageni watokao Ulaya na Marekani. Yuko mtu aliyezaliwa kisiwani, akaota mvi kisiwani, naye hajapata kumwona ndovu ila katika picha. Walakini Voi, palipo na lango la Hifadhi ya Tsavo Mashariki, ni mwendo wa kilomita 150 hivi tu. Tena Tsavo si nchi ya mbali kwa watu wa Mombasa, kwa kuwa tangu miaka ya 1950 bomba kubwa huwaletea maji kutoka Mzima, chemchemi iliyomo Tsavo Magharibi, ambamo viboko na mamba hukaa.

Na uchukuliwe mfano wa karani mmoja wa bandarini, mkazi wa Mwembe Tayari, aliyekodi motakaa pamoja na dereva wake kwa safari ya siku moja. Alimchukua mwanawe wa miaka 12, na mjomba wake, mkulima wa Sagalla karibu na Voi, aliyekuwa amekuja mjini kumwangalia dada yake mgonjwa.

Waliondoka saa kumi ya alfajiri. Wakavuka Makupa, wakapita Mazeras na Mariakani, hata wakaingia katika nyika ya Taru, ambayo misafara ya zamani iliiogopa sana kwa ukosefu wa maji. Walipofika Mackinnon Road dereva alisimama, akatoa sadaka yake katika msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Seyyid Baghali, kama wafanyavyo madereva wengi wa njia hiyo. Mkulima akacheka kidogo, akasema, “Mpwa wangu, mambo ya dunia ni ajabu. Wewe unalipa fedha ili uwaone ndovu. Sisi kwetu twawaona bure, tena usiku, ndani ya mahindi.”

Karani hakujibu neno.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, nao waliingia baada yake kidogo. Haukupita muda wakawaona ndovu kumi na mmoja, wekundu kama matofali. Mtoto akauliza kama wamezaliwa na rangi hiyo. Dereva akamweleza ya kwamba ngozi ya ndovu wa Tsavo ni ya kijivu kama ya wenzao wa kwingineko. Wekundu ni wa udongo, maana hujimwagia vumbi na kugaagaa matopeni ili kujikinga na jua na wadudu. Mbele zaidi walimwona swala twiga, aliyesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya juu ya kichaka. Nyama huyo aweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa, kwa kuwa maji yake huyapata katika majani.

Hapo karani alianza kupiga picha kwa pupa, na karibu zote ziliharibika. Mwenye kutaka picha njema hana budi kuangalia mambo matatu: jua, mkono na subira. Jua la asubuhi mpaka saa tatu, na la jioni tangu saa kumi, ni la upole, nalo huonyesha umbo la nyama vizuri. Jua la adhuhuri hutia vivuli vyeusi, na saa hizo nyama wengi hulala chini ya miti. Mkono hutikisika mtambo wa gari ukinguruma. Basi heri kuuzima, na kuegemeza kamera juu ya kifuko cha maharagwe kilichowekwa dirishani. Na mwenye simu ya mkononi asijaribu kumvuta nyama aliye mbali mno, maana atapata picha ya ukungu. Afadhali ampige akiwa mdogo pamoja na nchi yake, milima na miti, ili atazamaye ajue nyama huyo aishi wapi.

Jambo la tatu, subira, ndilo gumu kuliko yote. Yapata saa nne waliwaona simba wawili chini ya kichaka, mbali na barabara. Karani akamwambia dereva aache njia, asogee.

“Siwezi, Bwana,” dereva akajibu.

“Nimekulipa.”

“Umenilipa nikuendeshe, nami nakuendesha. Lakini sheria ya hifadhi yakataza gari kuacha njia. Nikienda mimi, watanifuata wengine kumi. Simba watakimbia, waliwe na njaa, na nyasi zile hazitaota upesi. Tungoje.”

Wakangoja saa nzima. Wakati huo dereva alimsimulia mtoto habari za simba wawili wa mwaka 1898, waliowala wafanyakazi wa reli, Wahindi na Waafrika, daraja la Tsavo lilipokuwa likijengwa. Msimamizi wa kazi, J. H. Patterson, aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huo, na miili yao iliyojazwa iko katika makumbusho ya Chicago hata leo. Walikuwa madume, lakini hawakuwa na manyoya ya shingoni, kama walivyo madume wengi wa Tsavo. Masimulizi yalipokwisha, simba wa kichakani waliinuka wakaenda zao upande mwingine. Karani alipata picha ya mkia.

Kuna sababu ya ukali wa sheria hizi. Mwezi wa Aprili 1909 alishuka Mombasa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka juzi tu katika cheo cha Rais wa Marekani. Yeye na mwanawe Kermit, kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, waliua nyama 512 katika safari yao, wengi kwa ajili ya makumbusho. Siku zile mtu mkubwa alikwenda safari kwa bunduki. Hifadhi ya Tsavo iliwekwa mwaka 1948. Uwindaji ukapigwa marufuku katika Kenya nzima mwaka 1977. Hata hivyo, katika nchi ya Tsavo na pembezoni mwake ndovu waliokuwa zaidi ya 30,000 katika miaka ya 1960 walipungua mpaka 6,000 hivi mwaka 1988, kwa ukame mkali wa 1970 na 1971, kisha kwa wezi wa pembe. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma moto tani 12 za pembe huko Nairobi mbele ya macho ya ulimwengu. Tangu hapo idadi yapanda, na hesabu ya mwaka 2017 ilipata zaidi ya 12,000. Lakini hatari haijakwisha: mwaka 2014 Satao, ndovu mashuhuri ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliuawa Tsavo kwa mshale wa sumu.

Ulinzi huo umekuwa na gharama, na walioilipa si watazamaji peke yao. Waata, ambao waliishi kwa upinde katika nchi hiyo kabla hifadhi haijawako, walikamatwa wengi wao na kufungwa katika msako wa miaka ya 1956 na 1957. Nao wakulima wa Taita na Taveta wanaishi katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya hifadhi. Ndovu wakitoka, hukutana na mahindi yao kwanza.

Mchana waliwasili bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952. Hapo lilikuja kundi la ndovu majike pamoja na watoto wao kunywa maji. Ndama mmoja alikwama katika matope ya ukingoni. Majike wawili wakarudi, mmoja akamsukuma kwa mguu, mwingine akamshika kwa mkonga, hata akatoka. Karani alimpa mjomba wake kamera, akamwonyesha pa kubonyeza. Mzee aliitazama kazi ile kimya, akapiga picha moja tu.

Mtoto akauliza, “Babu, sasa wawapenda?”

“Mjukuu wangu,” mzee akajibu, “siku zote mimi nimewaona gizani, na kijinga cha moto mkononi, nao wakinguruma. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona ndovu mchana, na mwanawe. Nimejua ya kuwa naye ni mzazi. Lakini mahindi yangu bado yameliwa.”

Maneno hayo yote mawili ni ya kweli, wala moja haliondoi jingine. Sheria ya Nyama wa Mwitu ya mwaka 2013 yaeleza fidia kwa aliyeumizwa, kwa jamaa za aliyeuawa, na kwa mazao yaliyoharibiwa. Yampasa mkulima kutoa habari upesi, na kuhifadhi picha za shamba lake kabla halijalimwa tena. Hapo kamera huwa na faida hata kwa asiyekwenda kutazama nyama. Na huko Sagalla kwenyewe wako wakulima waliozungusha mashamba yao mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya mmoja: ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka, nao ndovu huwaogopa sana nyuki. Mwenye shamba hulinda mahindi, tena huvuna asali.

Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Walimshusha mzee Voi, apate gari la kwenda kwake, kisha wakashika njia ya pwani. Walipofika Mwembe Tayari ilikuwa usiku, na mabasi ya bara yalikuwa yakijaa tena. Karani alizitazama picha za siku nzima, akazifuta nyingi. Aliyoichagua kuitia ukutani ni ile moja ya mjomba wake. Mwezi uliofuata alimpelekea mzee nakala yake, na pamoja nayo fedha za mizinga miwili.