Soko la wachezaji vyuoni Marekani latikisa njia ya akina Rono

NI timu chache zinazoonyesha wazi jinsi kandanda ya vyuo vikuu nchini Marekani ilivyobadilika kama ile ya Chuo Kikuu cha Washington State, kilicho katika mji mdogo wa Pullman, mashariki mwa jimbo la Washington.

Kati ya Desemba 2024 na Desemba 2025, timu hiyo iliachwa na makocha wakuu wawili, ikaondokewa na wachezaji wengi, ikaunda kikosi kipya, kisha ikajikuta imerudi pale pale ilipoanzia.

Kwa Wakenya, jina la chuo hicho si geni. Ndicho alichosomea Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81 mwaka wa 1978. Ndicho kilichompokea Samson Kimobwa kabla yake na, miaka mingi baadaye, Bernard Lagat, aliyeishindia Kenya nishani ya shaba ya mbio za mita 1,500 katika Olimpiki za Sydney mwaka wa 2000.

Kwa sababu hiyo, yanayotendeka katika uwanja wa kandanda wa Pullman yanafaa kufuatiliwa Eldoret, Iten na Kapsabet. Mfuko unaoamua ni nani atacheza kandanda ndio huo huo unaoamua ni nani atalipiwa karo ili akimbie.

Mchezo wenyewe si soka inayochezwa humu nchini. Ni ule wa mpira wa umbo la yai, unaokaribiana na raga, ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu na vikinga vya mabega. Katika vyuo vikubwa, mchezo huo huvuta makumi ya maelfu ya mashabiki kila Jumamosi. Fedha zinazotokana na tiketi na haki za kutangaza mechi kwenye runinga ndizo hulipia michezo mingi isiyoingiza chochote, ikiwemo riadha, uogeleaji na tenisi.

Kwa miongo mingi maandalizi ya msimu yalifuata utaratibu uliojulikana. Kocha aliwasajili vijana waliokuwa wakimaliza shule ya upili, akawapa ufadhili wa masomo, akawalea kwa miaka minne au mitano. Aliyetaka kuhamia chuo kingine kikubwa kwa kawaida alilazimika kukaa nje msimu mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza. Kambi ya mazoezi ilipoanza mwezi Agosti, kocha aliwafahamu wengi wa vijana wake kwa tabia na kwa uwezo. Kazi iliyobakia ilikuwa kuwanoa.

Nguzo za utaratibu huo zimeanguka moja baada ya nyingine. Oktoba 2018, NCAA, ambalo ni shirika linalosimamia michezo ya vyuo, lilianzisha sajili ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama. Mwaka wa 2021 wanakandanda wakaruhusiwa kuhama mara moja bila ya kukaa nje. Mwaka wa 2024 hata kikomo hicho kikaondolewa, mradi mchezaji awe ametimiza masharti ya masomo.

Upande wa fedha nao haukusimama. Juni 21, 2021, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA katika kesi iliyohusu manufaa ya kielimu ya wanamichezo. Siku 10 baadaye, wanafunzi wakaanza kuruhusiwa kulipwa na kampuni kwa matumizi ya majina na picha zao.

Kisha, Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken akaidhinisha maafikiano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kiwango cha juu kwa mwaka wa kwanza, 2025/26, kiliwekwa kuwa dola 20.5 milioni kwa kila chuo, takriban Sh2.6 bilioni. Aidha, dola 2.8 bilioni zilitengwa kuwafidia waliocheza tangu mwaka wa 2016 bila ya kulipwa.

Ni vigumu kupinga haki iliyomo katika mabadiliko hayo. Kwa miaka mingi makocha walilipwa mamilioni na wangeweza kufunga virago wakati wowote, ilhali kijana aliyevunjika mguu akiwachezea aliambulia karo na chumba cha kulala. Hata hivyo, haki ya mchezaji mmoja mmoja ni jambo moja, na uhai wa timu ni jambo jingine. Pullman inaonyesha jinsi mawili hayo yanavyoweza kugongana.

Masaibu ya Washington State yalianzia nje ya uwanja. Mnamo 2022 na 2023, vyuo vikubwa vya pwani ya magharibi viliamua kufuata fedha za runinga kwingineko. Ilipofika Agosti 2024, vyuo 10 kati ya 12 vilikuwa vimelihama shirikisho la Pac-12. Waliobaki walikuwa wawili tu: Washington State na jirani yao Oregon State.

Wachezaji nao wakasoma alama za nyakati. Cam Ward, mrusha pasi mkuu aliyeongoza mashambulizi ya timu hiyo kwa misimu miwili, alijiunga na Miami baada ya msimu wa 2023. Aprili 2025 akawa mchezaji wa kwanza kabisa kuteuliwa na klabu za ligi ya kulipwa ya NFL, alipochukuliwa na Tennessee Titans. Aliyerithi nafasi yake, John Mateer, alicheza msimu mmoja kisha akaenda Oklahoma. Kocha Jake Dickert naye akahamia Wake Forest mnamo Desemba 2024.

Nafasi ya Dickert ilichukuliwa na Jimmy Rogers, aliyekuwa ameiongoza South Dakota State kutwaa ubingwa wa daraja la pili katika msimu wa 2023. Rogers hakuja peke yake. Kundi la wachezaji wake wa zamani lilimfuata Pullman, na nafasi nyingine zikajazwa na waliotoka vyuo mbalimbali. Ilikuwa mbinu ya busara: kocha asiyekuwa na muda wa kulea huleta waliokwisha kulelewa.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko mashabiki wanavyodhani. Kambi huanza takriban mwezi mmoja kabla ya mechi ya kwanza. Mazoezi ya vipindi viwili vya kugongana kwa siku moja yalipigwa marufuku mnamo 2017, na katika siku za mwanzo wachezaji huzoeshwa joto na mavazi hatua kwa hatua. Masharti hayo yanalinda maisha, na hakuna anayefaa kutamani yaondolewe. Lakini yaliwekwa wakati ambapo wengi wa wachezaji walikuwa wakijuana. Kocha aliyekusanya wageni watupu analazimika kufundisha lugha mpya kwa siku zile zile chache.

Matokeo ya mwaka wa 2025 yalionyesha ugumu huo. Agosti 30 timu iliponea chupuchupu dhidi ya Idaho kwa alama 13-10. Mwezi uliofuata ilikubali alama 59 katika mechi mbili mfululizo: 59-10 mikononi mwa North Texas, kisha 59-24 mbele ya watani wao wa jadi, Chuo Kikuu cha Washington.

Ilipofika Oktoba, kikosi kile kile kilikwenda ugenini kumenyana na Ole Miss, timu iliyokuja kufuzu kwa mchujo wa kitaifa, kikashindwa kwa alama tatu pekee, 24-21. Wiki moja baadaye kikapoteza kwa Virginia, pia ugenini, 22-20. Wachezaji hawakuwa wamebadilika. Walichokuwa wamepata ni wiki kadhaa za kujuana. Kwa maneno mengine, mwezi wa Septemba uligeuka kuwa sehemu ya maandalizi, na maandalizi hayo yalilipiwa kwa mechi zilizohesabiwa.

Mti ulipoanza kuzaa, mkulima aliondoka. Desemba 2025, baada ya msimu mmoja tu, Rogers alichukuliwa na Iowa State. Chuo kikamwajiri Kirby Moore, na dirisha la uhamisho lilipofunguliwa Januari 2, 2026, kazi ya kuunda kikosi ikaanza tena.

Wapo watakaosema soko hilo limewainua wanyonge, na mfano wao ni Indiana. Chuo hicho, kilichozoea kushindwa kwa vizazi kadhaa, kilimaliza msimu wa 2023 kwa ushindi wa mechi tatu na kupoteza tisa. Kocha Curt Cignetti alipowasili, alikuja na wachezaji 13 kutoka James Madison, alikokuwa akifunza. Indiana ilishinda mechi 11 katika msimu wa 2024, na Januari 2026 ikatwaa ubingwa wa taifa kwa kuilaza Miami 27-21.

Ukweli ni kwamba Cignetti na Rogers walitumia mbinu moja. Wote wawili walikuja na watu wao ili kupunguza muda wa kujuana. Tofauti ni kwamba Indiana imo katika shirikisho la Big Ten, lenye mapato makubwa ya runinga, na iliweza kumwongezea kocha wake mkataba kabla hajanyakuliwa. Pullman haikuwa na kamba ya kumfungia wake. Soko huweza kumwinua mnyonge mwenye fedha, lakini mnyonge asiye nazo hugeuka kitalu cha kukuza miche ya wengine.

Katika hali hiyo, anayeumia kwanza ni kijana anayetoka shule ya upili. Kocha anayetakiwa kushinda mwaka huu, kabla yeye mwenyewe hajahama, hana sababu kubwa ya kumngoja mvulana wa miaka 18 akomae ilhali anaweza kumpata wa miaka 22 aliyekwisha kucheza misimu mitatu. Isitoshe, maafikiano ya 2025 yameweka kikomo cha wachezaji 105 kwa kila timu ya kandanda katika vyuo vilivyoyakubali. Nafasi za waliokuwa wakijiunga bila ya ufadhili, wakitarajia kujikuza polepole, zimepungua.

Wa pili kuumia ni michezo midogo. Hapa ndipo habari hii inapovuka bahari. Juni 2025, Washington State ilitangaza kwamba kikosi chake cha riadha kingeachana na michezo ya kuruka na kutupa, na kupunguza nafasi za mbio fupi na za kuruka viunzi. Nguvu zingeelekezwa kwenye mbio za masafa ya kati na marefu.

Mkenya anaweza kupumua kwa kuona kwamba mbio za kina Rono ndizo zilizosalimika. Lakini mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Chuo kilichoondoa mtupa mkuki ili kubana matumizi kinaweza kumgeukia mkimbiaji pia fedha zikizidi kupungua. Tayari, vyuo vilivyoingia katika maafikiano hayo vimewekewa kikomo cha wanariadha 45 kwa timu ya riadha na 17 kwa timu ya mbio za nyika.

Hii haimaanishi kwamba mlango umefungwa. Doris Lemngole amekimbilia Alabama, mojawapo ya ngome za kandanda, akatwaa taji la vyuo la mita 3,000 kuruka viunzi na maji mnamo 2024 na 2025, pamoja na taji la mbio za nyika la 2024. Mfano wake unaonyesha kwamba utajiri wa kandanda unaweza kumfaa mkimbiaji iwapo chuo kitaamua kuugawa. Kinachotakiwa ni kujua mapema ni chuo kipi kimeamua hivyo.

Kwa hivyo, mzazi anayepokea simu ya kocha wa Marekani hafai kuridhika na jina la chuo. Aulize ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote minne, na nini kitafuata iwapo kocha atahama au mtoto ataumia. Aulize timu ina nafasi ngapi, na kama chuo kimepunguza mchezo wowote karibuni. Hati ya kitaifa ya ahadi iliyokuwa ikitiwa saini na wanamichezo ilifutwa Oktoba 2024, hivyo mkataba wa ufadhili ndio wa kusomwa mstari kwa mstari. Kuhusu malipo ya biashara, afahamu kwamba viza ya mwanafunzi hubana kazi ya malipo nchini Marekani, na mgeni hana uhuru alio nao mwenyeji. Asitie saini lolote la aina hiyo bila ya ushauri wa mwanasheria.

Walimu wa michezo na mawakala wanaowatafutia vijana nafasi wana wajibu huo huo. Ufadhili wa Marekani umewapa Wakenya wengi shahada ambazo hazikuisha thamani miguu ilipochoka. Shahada hiyo ndiyo inayopaswa kuangaliwa kwanza mkataba unapowekwa mezani, kwa sababu kocha aliyeuleta huenda asiwepo Pullman, wala kwingineko, siku ya mahafali.